Alama bilioni moja za Hisabati

Nimerudi kampasi toka mazoezi ya kufundisha kule Muleba, na nimekuja na aibu moja ambayo bora niiseme mwenyewe.

Nilipewa Kidato cha Pili, Hisabati na Fizikia. Nikajitia mjuaji, nikaandika programu kwa lugha ya C ya kusoma alama toka hifadhidata ya SQLite na kuchapa matokeo. Niliijaribu kwa majina ya washkaji wa chumbani, ikaenda poa tu. Siku ya kubandika matokeo, binti mmoja akatokea na alama za Hisabati zenye tarakimu kumi! Darasa zima kicheko. Yeye hakucheka. Akanifuata mezani: "Shikamoo mwalimu. Sasa yangu ni ipi?" Nikaitikia marahaba, jibu sina.

Ijumaa nikapanda Hiace hadi nyumbani Bukoba, nikakesha. Kwenye hifadhidata alama zake zilikuwa sawasawa. Nikaiendesha programu na AddressSanitizer, kimya. Ndipo nikachapa urefu wa kila jina. Jamani, majina yetu ya Kihaya! Chukua jina la kubuni, Alistidia Kokushubila Rweyemamu. Ukihesabu herufi na nafasi ni 31, na C inaongeza baiti moja ya sifuri mwishoni, jumla 32. Mimi nilitenga 24. SQLite hata ukiandika VARCHAR(24) haizuii jina refu zaidi, na strcpy haipimi, inamwaga tu mpaka ikute sifuri. Baiti nane zilizozidi zikaingia kwa jirani, nilipoweka alama. Kwenye kompyuta zetu za kawaida, herufi "eyem" zikisomwa kama namba ni 1835366757. Hiyo ndiyo Hisabati! AddressSanitizer ilinyamaza kwa sababu herufi zilivuka mpaka wa jina bila kutoka nje ya rekodi yenyewe.

Nikaweka snprintf yenye kikomo cha 24. Alama zikarudi, ila jina likawa "Alistidia Kokushubila R". Nilitaka kulala hivyohivyo, roho ikakataa. Nimrudishie alama halafu nimnyang'anye jina la ukoo? Nikaanza upya: nafasi 128, na sqlite3_column_bytes ipime jina kabla ya kulinakili. Likizidi, programu isimame na iseme, isikate kimyakimya.

Jumatatu nikabandika karatasi mpya na kuomba radhi mbele ya wote, maana waliomcheka walikuwa wote. Binti alisoma jina lake kwanza, kidole kikifuata mpaka herufi ya mwisho. Ndipo akatazama alama: 71.

Kwa hiyo walimu wenzangu watarajiwa, ukiandika programu ya wanafunzi, omba kwanza daftari la mahudhurio. Tafuta jina refu kuliko yote, ujaribu na hilo. Usijaribu na la mshikaji wako Juma Ali halafu ukalala usingizi.