Simu ya Shangazi na Programu Huria

Wiki hii nimeshinda hapa Nawoitorong na Galaxy S III ya shangazi yangu, anayeuza mboga Kakuma. Simu ni nzima, betri inakaa. Lakini toleo la mwisho la mtengenezaji ni Android 4.3, na programu anayotumia kupokea oda za wateja haikubali tena toleo hilo. Ameambiwa anunue nyingine. Kwa pesa gani?

Nikamwambia tung'oe mfumo wa mtengenezaji, tuweke LineageOS 14.1, iliyojengwa juu ya Android 7.1. Akauliza jambo moja tu: "Na M-Pesa yangu, mwanangu?" Hiyo ndiyo benki yake.

Hapa tuelewane. Menyu ya M-Pesa aliyoizoea haikai kwenye simu, imo ndani ya laini. Simu huionyesha tu, kwa kutumia kijiprogramu ambacho ni sehemu huria ya Android yenyewe. Hakihitaji Google. Nikahifadhi majina na picha zake, nikatumia Heimdall (nayo huria) kwenye laptopu. Simu ilipowaka, menyu ikatokea. Akauliza salio, likaja. Oda nazo zikaanza kuingia.

Je, simu sasa ni huru? Bado. Modemu ina programu yake iliyofungwa, Wi-Fi nayo inapakia faili iliyofungwa. Mradi wa Replicant, ulioanza 2010, hauweki faili za aina hiyo kabisa. Lakini kwenye simu hii Wi-Fi ya ndani haifanyi kazi bila faili hiyo, na GPS pia haifanyi kazi, huku modemu ikibaki vilevile. Shangazi anategemea Wi-Fi ya jirani kwa sababu bando ni ghali. Nikachagua LineageOS.

Na tusidanganyane: toleo la 14.1 halipati tena marekebisho ya usalama. Kwa hiyo nimemwekea programu chache tu, kutoka F-Droid, ambayo pia huruhusu simu kupeana programu zikiwa karibu, bila bando.

Wapo watakaosema nimefanya kazi nusu. Sawa. Mimi nasema uhuru unahesabiwa pia kwa yule anayeshika simu. Shangazi hakununua nyingine, mboga zinauzwa, na nusu iliyobaki tunaijua kwa jina. Mwenye simu kuukuu kabatini, asiitupe.