Skrini nyeusi haimaanishi mashini imekufa

Siku ya posho asubuhi, hapa Kasuku, niliwasha ordinatere yangu nitayarishe kipindi cha jioni. Feni ikaanza kuvuma, alama ya kampuni ikapita, halafu skrini ikawa nyeusi tii. Nilizima na kuwasha mara nne. Weusi uleule.

Ndani mlikuwa na sauti nilizorekodi kwa miezi mitatu. Moja ni ya mzee wa Alunguli, ng'ambo ya mto, aliyefariki wiki mbili baada ya kuongea nami. Watoto wake walikuwa wanangoja kumsikia redioni jioni ile. Nakala sikuwa nayo popote.

Fundi wa kwanza hakukawia: "Yaya, hii imekufa. Tufute yote, nikuwekee Windows." Nilikuwa karibu kukubali. Lakini nilipobonyeza kifungo cha herufi kubwa, taa yake iliwaka na kuzimika. Maiti haijibu.

Nilimpigia mwanafunzi mmoja anayetumia Linux kama mimi. Akauliza: "Yaya, jana ulifanya nini?" Nikakumbuka: nilikuwa ninaweka masasisho kwa umeme wa grupu, esansi ikaisha katikati. Batiri yangu imezeeka, mashini ikazimika.

"Basi ni piloti," akasema. Linux ina kiini chake, na kadi ya picha inahitaji piloti, programu ndogo inayojua kuiongoza. Kiini kikibadilika, piloti za kadi nyingine lazima zitengenezwe upya zilingane nacho. Yangu ilikatwa njiani. Ni kama mtumbwi mzima katikati ya Lualaba bila mpiga kasia: mizigo iko salama, lakini hauendi.

Akanielekeza kwa simu. Unapowasha, bonyeza Esc, au shikilia Shift, mpaka menyu ya GRUB itokee. Bonyeza e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, na mwishoni mwake ongeza nomodeset. Kisha F10. Neno hilo linaambia kiini kiiache kadi, kitumie picha ya kawaida tu.

Mara mbili ilikataa. Kumbe GRUB husoma kibodi zetu za Kifaransa kana kwamba ni za Kiingereza. Herufi m ilikuwa inaandika nukta na mkato. Nilipobonyeza kifungo cha mkato, m ikatoka.

Picha ikaja, kubwa na mbaya, lakini ikaja. Kabla ya yote nilinakili sauti zote kwenye flashi. Kisha nikafungua teminali, nikaandika: sudo dpkg --configure -a. Kwenye Ubuntu na Debian, amri hiyo humalizia kazi iliyokatika. Nilipowasha tena, skrini ilikuwa safi. Lile neno nomodeset hudumu kwa kuwasha mara moja tu, halikuhitaji kufutwa.

Jioni mzee alisikika. Binti yake alinipigia, hakusema mengi, alilia tu na kushukuru.

Wenzangu wa redio, usianze masasisho kama esansi haitoshi. Weka nakala leo, si kesho. Na fundi akitaka kufuta, mwambie kwanza atoe kazi yako ndani. Skrini ikiwa nyeusi, sauti bado zipo.