Ndevu za siku moja

Sisi wa darasa la nne tunaokusanya timbre tulibishana juu ya timbre mbili za Amerika za mwaka 1893 mpaka kengele ikalia. Ile ya senti 1 inaonyesha Christophe Colomb melini, anaona nchi kwa mbali. Kidevu chake ni safi. Ile ya senti 2 inaonyesha namna alivyoshuka pwani, na sasa iko na ndevu nyingi! Kumbe nchi ilionekana usiku wa kuamkia tarehe 12 Oktoba 1492, na siku ile ile akashuka. Ndevu gani zinaota mbio hivi?

Posta ilifuata wachoraji wawili, basi. Ile ya senti 2 inatoka kwa picha kubwa ya John Vanderlyn, iliyotundikwa katika Capitole ya Washington tangu 1847. Hakuna picha ya kweli ya Colomb iliyochorwa akiwa hai, kwa hiyo kila mchoraji alimpa sura aliyoipenda. Lakini senti 2 ilikuwa bei ya barua ya kawaida, na timbre ile ilichapwa zaidi ya bilioni 1. Picha ya ukutani ikaingia katika kila nyumba, imebandikwa kwa mate.

Katikati ya picha ni Colomb na bendera na upanga. Wenyeji wako pembeni, kuume, wanachungulia nyuma ya miti. Kisiwa chao walikiita Guanahani. Yeye akakiita San Salvador, naye alifikiri amefika Asia! Mwenzetu mmoja akauliza: mtu aliyepotea njia anavumbuaje kijiji cha wengine? Kuvuka bahari ile kwa meli tatu kulitaka moyo, tunakubali. Lakini wapelelezi wa Yoshua walipoingia Yeriko, jina la Rahabu liliandikwa. Hapa hakuna hata jina moja la mwenyeji. Na haikupita miaka 30, visiwa vile vikabaki karibu bila watu, maana walichukuliwa utumwani.

Na kwetu je? Mwaka 1928 posta ya Congo ya Wabelgiji ilitoa timbre zenye sura ya Stanley. Wapagazi wake waliotoka Zanzibar, wapiga kasia wake, hawako.

Timbre ile ya Stanley tunaitafuta. Nani anaiona kwenye barua za zamani za babu, asiibandue kwa kisu, itapasuka. Akate pamoja na kipande cha bahasha, atuletee, tutailoweka majini.