Mraba ulionitoa jasho

Najua nilipotea. TP si mchezo, na baridi ya Arusha mwezi wa saba inakufanya uandike andalio la somo ukiwa umejifunika blanketi. Sasa nimerudi chuoni hapa Usa River, nimelala nikashiba, nikaona niwasimulie hili kabla halijapoa. Ni aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo chekeni taratibu.

Wengi wenu mlipangiwa sekondari. Mimi nikaangukia shule ya msingi, Darasa la Tatu, hisabati, watoto 74 kwenye chumba kimoja. Mada: maumbo. Nikajisemea, hii ya kulala kabisa. Pembetatu, mraba, mstatili, duara, nani atashindwa?

Siku ya kwanza niliwatoa nje waangalie mlima Meru. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, tukausubiri mpaka saa nne. Ulipojitokeza wakaitikia wote: "Pembetatu!" Isipokuwa kijana mmoja ambaye bibi yake anaishi upande wa Momella. Akasema kule mlima una pengo kubwa, sio pembetatu. Na alikuwa sahihi. Ubavu wa mashariki wa Meru ulibomoka zamani sana, ukiwa Momella unaona kreta iko wazi. Mimi nikamjibu, "Haya, tuendelee." Nilikuwa na haraka ya kumaliza mada. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza na sikuiona.

Wiki iliyofuata nikatoa zoezi. Nikachora maumbo matano ubaoni, moja wapo limesimama kwa kona yake, kama almasi ya kwenye karata. Jibu langu: almasi. Binti mmoja wa dawati la tatu akaandika "mraba". Nikampiga kosa. Wakati wa kusahihisha nikasoma jibu lake kwa sauti, darasa zima likacheka, na mimi nikatabasamu. Yule binti alikuwa ananyoosha mkono kila swali, mpaka unamwambia subiri na wenzako. Kuanzia siku ile mkono haukuonekana tena.

Usiku, nikiwa na daftari langu la maandalizi, nikalikuta lile umbo nilivyolichora kwa rula. Pande zote sentimita 6. Nikachukua kona ya karatasi, nikaipachika kwenye kila kona ya lile umbo. Zote nne zikaingia sawasawa. Nikaligeuza daftari kidogo. Mraba! Mraba mtupu, wadau. Mtoto wa miaka tisa alikuwa sahihi, mwalimu mtarajiwa wa shahada ndiye alikosea.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo hili nililisoma. Si mnawakumbuka wale mume na mke wa Uholanzi, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, walioandika tasnifu zao mwaka 1957? Walisema mtoto huanza kwa kutambua umbo kwa sura yake tu, ndipo baadaye anafika kuangalia sifa: pande ngapi, kona zikoje. Kwenye mtihani niliwaeleza vizuri tu. Kumbe kwenye ubao mimi ndiye nilikuwa hatua ya kwanza, na binti alishafika ya pili.

Nikamkumbuka na Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, Tanga, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu unaganda kabla ya uliopoa. Alipouliza akaambiwa amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Hakunyamaza. Mwaka 1969 akachapisha jambo hilo pamoja na Profesa Denis Osborne, na mpaka leo wanasayansi wanabishana juu yake. Lakini Mpemba alikuwa mbishi. Je, wangapi walichekwa mara moja tu wakanyamaza moja kwa moja?

Sasa tatizo: kesho yake ndiyo siku ya mhadhiri kuja kunitathmini. Mwenzangu wa chumba akaniambia, "Nyamaza, rekebisha wiki ijayo. Ukikiri kosa mbele ya mhadhiri umekwisha, na darasa litakuponyoka." Sikulala vizuri.

Asubuhi mhadhiri akakaa nyuma na fomu yake. Nikachora lile umbo tena, nikasema: "Wiki iliyopita mwalimu alimpiga mwenzenu kosa. Leo tuchunguze nani alikosea." Kimya. Kila mtoto akapata kipande cha gazeti, akakikunja mara mbili, ikapatikana kona ya kupimia. Wakapima. Kijana mmoja akasema pande zikiwa sawa inatosha. Nikafunga vijiti vinne vya urefu mmoja kwa uzi, nikavisukuma vikalala upande. Pande sawa, kona hazikubali. Akajirekebisha mwenyewe: "Lazima na kona!"

Ndipo nikamuuliza yule binti, "Wewe ulijuaje?" Akainuka, akaangalia chini. "Baba ni fundi wa vigae, mwalimu. Vingine anaviweka vimelala upande. Lakini kigae ni kilekile."

Nikamwomba radhi mbele ya wote, nikafuta kosa kwenye daftari lake, nikaweka vema. Darasa halikuniponyoka. Likapiga makofi, mengine yalikuwa ya kunicheka mimi, na nilistahili. Kisha nikamgeukia yule wa Momella, nikawaambia wenzake kwamba naye alikuwa sahihi: kigae ukikizungusha hakibadiliki, lakini mlima ukiuzunguka unaonyesha sura nyingine.

Mhadhiri aliandika nimezidisha muda kwa dakika 12. Alama zikapungua hapo, sibishi. Chini kabisa akaongeza maneno mawili: "Endelea kuwauliza."

Basi wiki zilizobaki nikawa na swali moja tu kila kipindi, awe mtoto amepata au amekosa: umejuaje? Linakula muda kweli. Yule binti alikaa siku nne kabla ya kunyoosha mkono tena. Nilizihesabu.

Nyie wa TP ijayo, kabla hujapiga kosa, geuza daftari kwanza.

Alamsiki, tuonane kantini.