Puto zilienda, sheria zikabaki

Leo tuangalie kitu kilichokuwa juu ya vichwa vyetu. Julai 2020 Loon na Telkom Kenya walianza kutoa intaneti kwa puto zipatazo 35, kilomita 20 hivi angani, na Kakamega ilikuwemo. Januari 2021 ikatangazwa kwamba Loon inafungwa. Watu hukumbuka puto. Mimi hukumbuka programu.

Puto husukumwa na upepo, kwa hivyo njia za data zilipangwa upya kila mara na programu moja kuu iliyouona mtandao mzima. Mtindo huo ndio SDN: programu kuu huamua, swichi hupokea sheria. Sasa pakiti ikifika, swichi itajuaje haraka ni sheria gani inayoihusu?

Kuna chipu za TCAM zinazolinganisha sheria zote kwa mpigo. Ni ghali na zinakula stima. Mwenye saiba hapa Lubao ana tarakilishi kuukuu tu, hivyo kazi lazima ifanywe na programu, na kupitia sheria 1,000 moja moja kutamchelewesha kila mteja.

Mwaka 1999 Srinivasan, Suri na Varghese walileta mbinu ninayoipenda. Panga sheria kwa umbo: zote zinazoangalia biti 24 za anwani ya mwisho wa safari na biti 16 za ilikotoka ziingie jedwali moja la hashi. Kama sheria 1,000 zina maumbo 12, utatafuta mara 12 tu. Mwaka huo huo Gupta na McKeown walileta HiCuts, ambayo ni mti wa maamuzi. Mti una mbio, lakini sheria moja yaweza kunakiliwa kwenye matawi mengi, basi kuibadilisha ni kazi. Kwenye majedwali, kuongeza sheria ni kuandika mahali pamoja, na mtandao unaobadilika unataka hivyo. Ndiyo maana Open vSwitch ikachagua majedwali. Tena huyapanga kwa kipaumbele, ikipata jibu lisiloweza kushindwa inaacha kutafuta.

Lakini ujanja una mlango wa nyuma. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba pakiti chache zilizotungwa kwa hila zinaweza kuifanya Open vSwitch izalishe maumbo mengi mno kwenye kashe yake, na kila pakiti ya mteja mwema ikalazimika kuyapitia. Ukiweka swichi hiyo kwenye saiba yako, hesabu maumbo kabla ya kuhesabu sheria.