Kuta Tulizichangia, Karakana Ikasubiri

Baba yangu aliachia masomo darasa la nne, lakini alijenga chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kila malipo ya kahawa yalipotoka, chama cha ushirika kilikata senti kadhaa kwa kila kilo kabla mkulima hajaishika pesa yake. Kwenye stakabadhi, mbele ya makato hayo, paliandikwa neno moja tu: chuo. Sikumsikia akinung'unika. Alizikunja zile stakabadhi akazitia kwenye mkebe wa majani chai, humo humo alimoweka cheti chake cha ubatizo.

Ulikuwa wakati wa vyuo vya harambee. Tangu Mzee Kenyatta aifanye harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, wananchi walikuwa wamejenga shule za sekondari huku na huku, na sasa vijana waliomaliza kidato cha nne walikuwa wengi kuliko kazi. Kila upande wa nchi ukataka chuo chake cha ufundi. Watu wa Nyeri wakaanzisha Kimathi mwaka 1972, na watu wa Kakamega nao wakawa na chuo chao, WECO. Kimathi ni chuo kikuu kamili tangu 2012, na WECO ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mwaka 2007. Wengi wa waliochangia hawakuwahi kukanyaga darasa hata moja kati ya yale waliyoyajenga, na kwa maoni yangu historia ya elimu ya Kenya haijawapa haki yao.

Wala mchango wa chuo haukuanza na sisi. Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wamechanga fedha za chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi, mradi ambao uliunganishwa na kile kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Tom Mboya naye alipopeleka wanafunzi 81 Marekani mwaka 1959, wafadhili wa huko, akiwemo mwimbaji Harry Belafonte, walisaidia kukodi ndege, na huku nyumbani watu wakaandaa karamu za chai ili kijana wao asiondoke mikono mitupu.

Zamu yangu ilifika miaka ya 1980. Kadi za harambee zilizunguka majuma kadhaa, kisha ikafika Jumamosi yenyewe: turubai uwanjani, mgeni wa heshima kwenye kiti chenye mto, beseni juu ya meza, na karani na kitabu chake cha risiti. Nyanya alileta kuku. Kuku yule alinadiwa, aliyemnunua akamrudisha mezani, akanadiwa tena na tena, hadi akawa ameleta pesa kuliko mbuzi wa diwani. Mama mmoja aliyeuza sukuma wiki sokoni alifungua fundo la leso akatoa shilingi tano, na karani akalitangaza jina lake kwa sauti ileile aliyomtangazia mwenye lori. Baadaye mama huyo alinishika mkono. "Kijana wangu," akasema, "ukasome. Tutakuwa tunakuulizia."

Nikaenda kusoma ufundi wa mitambo kwenye chuo kilichojengwa kwa michango ya namna hiyo hiyo. Kuta zake zilikuwa za mawe ya kuchonga, imara mpaka leo. Ndani ya karakana mlikuwa na mashine moja ya kukereza chuma kwa darasa zima. Mwalimu alikereza, sisi tukachungulia mabegani mwa wenzetu, na wa nyuma walijifunza kwa sauti ya chuma tu. Patasi zilipoisha makali, kipindi kiliisha. Sababu yake naifahamu sasa. Mgeni wa heshima alipenda kuweka jiwe la msingi lenye jina lake, na sisi wachangiaji tulipenda kuona paa likipanda. Hakuna aliyepigiwa makofi kwa kununua mafuta ya mashine.

Nilipohitimu nikarudi kuwa mwalimu, na miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Harambee yenyewe ilichakaa. Machifu walikusanya kwa lazima, wanasiasa wakaifanya jukwaa la kura, hata sheria ya mwaka 2003 ikaja kuwazuia watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kuchangisha. M-Pesa ilipoingia mwaka 2007, turubai na beseni vikaanza kupungua. Mwanafunzi wangu akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, ndugu walichanga kwa simu, na kabla ya jua kutua salio limetimia. Siubezi msaada huo, umeokoa wengi. Lakini kijana wa leo mara nyingi hajui ni nani waliomlipia, na hakuna mama wa sokoni wa kumshika mkono.

Jambo lililonigeuza mawazo lilianza kwa simu ya mwanafunzi wangu wa zamani, mwenye gereji sasa. "Mwalimu, nina injini hapa bloku imepasuka. Niwape wa vyuma chakavu, ama nikuletee?" Akaileta kwa pikapu. Tuliikata ubavu kwa grinda, tukapaka rangi nyekundu njia za mafuta na buluu njia za maji, tukafunga mpini wa kuizungusha kwa mkono. Nilikuwa nimeufundisha mzunguko wa mipigo minne kwa chaki miaka mingi. Siku hiyo msichana mmoja aliyekuwa kimya tangu muhula uanze aliuzungusha mpini polepole, akaona valvu ikifunguka pistoni ikishuka, akarudisha nyuma, akazungusha tena. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza: valvu mbili zinakuwa wazi kwa pamoja kidogo, kwa nini? Tukalijadili hadi kengele ikapigwa na hawakutoka.

Tangu hapo wahitimu wetu wana kikundi cha kuchangia chuo. Mwaka 2018 serikali ilipoanza kutoa shilingi 30,000 kwa kila mwanafunzi wa chuo cha ufundi kwa mwaka, kati ya karo ya 56,420, tulipumua kidogo, tukaweza kununua mikrometa na patasi. Mfumo wa ufadhili ulipobadilishwa mwaka 2023, maombi ya karo yakamiminika upya, na ubishi ukaanza kikundini. Wako wanaosema si haki kununua vifaa huku kijana amekaa nyumbani, na nawaheshimu, maana hata mimi nililipiwa hivyo. Ila nimekaa nyuma ya darasa lile la mashine moja, na siwezi kukubali mtoto wa mtu alipiwe karo aje kuchungulia mabegani.

Tumeafikiana theluthi ya kila mchango iende karakana. Sasa tunachangia kifaa cha kusoma hitilafu za kompyuta ya gari, kwa kuwa magari yanayoingia gereji leo hayatengenezeki kwa spana na sikio peke yake. Tumevuka nusu ya bei. Mwenye gereji ameahidi kutuazima chake kila Alhamisi hadi tupate chetu.