Jina Lile Lile, Utanzu Mwingine: Tafakuri kutoka Nyalenda

Utanzu, kama tunavyoufundisha, ni suala la umbo. Riwaya hutambulika kwa urefu na msuko wake, tamthilia kwa mazungumzo na matendo yake, ushairi kwa mpangilio wake teule wa lugha. Fasili hiyo imetufaa darasani. Hata hivyo, kwangu mimi inapungukiwa na jambo moja la msingi, nalo nimelibaini mbali na maktaba: katika vibanda vya michezo ya video vya Nyalenda, mtaa wa Kisumu nilimozaliwa na ambamo jamaa zangu wangali wanaishi.

Nazungumzia hasa mwendelezo unaobadili utanzu, yaani mchezo unaorudi kwa jina lile lile, pengine na wahusika wale wale, ilhali mchezaji anatakiwa kufanya kazi nyingine kabisa. Warcraft ya mwaka 1994 ilimweka mchezaji juu ya uwanja wa vita, akiongoza majeshi kama jemadari. Mwaka 2004 World of Warcraft ikamshusha ardhini, awe mtu mmoja miongoni mwa maelfu. Mortal Kombat ya 1992 ilikuwa pambano la watu wawili. Mwaka 1997 ikatoka Mortal Kombat Mythologies: Sub-Zero, ambamo mchezaji yuko peke yake, akimpitisha mpiganaji mmoja katika safari ya mitego na maadui. Hapo pana jambo la kumvutia mhakiki. Katika pambano la awali mpiganaji humwelekea mpinzani wake bila kuamriwa. Katika safari adui aweza kutokea nyuma. Kwa hiyo ilibidi mchezaji apewe kitufe maalumu cha kumgeuza mhusika wake. Kitufe hicho ni kovu la utanzu wa awali katika mwili wa utanzu mpya.

Ili kuuelewa uzito wa badiliko hili, sharti tukitazame kibanda chenyewe. Ni chumba cha mabati chenye televisheni mbili tatu, benchi, na vijana waliosimama nyuma ya wachezaji. Malipo ni kwa kila mchezo. Katika vibanda nivijuavyo, ashindwaye huinuka na mshindi hubaki. Hivyo ustadi wa vidole ni akiba halisi, kwani ajuaye hukaa muda mrefu kwa shilingi chache. Pambano, au mechi ya kandanda, lina mwanzo, kilele na mwisho ndani ya dakika chache. Lina wapinzani wawili, na lina hadhira. Safari ya mtu mmoja haina kituo cha kulipia, na hatua zilizohifadhiwa leo zaweza kufutwa kesho na mteja mwingine. Mpwa wangu aliniambia hayo kwa ufupi zaidi, akiniita mjomba kwa Kijaluo: “Nera, ule ni mchezo wa mtu mwenye mashine kwake.”

Kauli hiyo ina nadharia ndani yake. Utanzu si umbo la kazi tu. Ni mapatano kuhusu muda, mahali na wajibu wa mpokeaji. Mwendelezo unapobadili utanzu, haubadili ladha pekee. Huchagua wapokeaji wapya, na wale wa awali wasioweza kuufuata huachwa mlangoni.

Fasihi yetu inalijua jambo hili. Msomaji aliyelelewa na Rosa Mistika (1971) na Gamba la Nyoka (1979), alipokutana na Nagona (1990) na kisha Mzingile (1991), aliliona jina lile lile la Euphrase Kezilahabi jaladani. Ndani, uhalisia aliouzoea ulikuwa umeondoka, na mahali pake palikuwa na visasili, ndoto na maswali ya kifalsafa. Tumeusifu sana ujasiri wa mwandishi, na ni haki yake. Hatujauliza vya kutosha ni msomaji gani aliyekuwa na muda, mwalimu, na nakala ya kuirudia mara ya pili na ya tatu.

Sisemi kwamba mtunzi abaki palepale. Msimulizi wa sigana, ngano za Kijaluo, hutoka katika masimulizi akaingia katika wimbo, na hadhira haipotei kwa sababu kiitikio kimo midomoni mwao. Mwaka 2020 mfululizo wa Kijapani wa Yakuza, uliojengwa juu ya ngumi za papo kwa papo, uligeuka katika Yakuza: Like a Dragon ukawa wa mapigano ya kupokezana zamu. Watunzi walileta shujaa mpya, Ichiban Kasuga, mpenzi wa Dragon Quest, mchezo maarufu wa zamu. Naye huyaona mapigano yake kwa macho ya mchezo huo. Badiliko likapata sababu ndani ya kisa. Hicho ndicho kiitikio chao, ingawa hata hicho hakimlipii mtu muda kibandani.

Kwa hiyo napendekeza kwamba, tunapohakiki kazi inayovuka kutoka utanzu mmoja hadi mwingine, tusiridhike na swali la iwapo mtunzi amefaulu kuvuka. Tuulize pia nauli ya kivuko ni kiasi gani, na nani anayeilipa. Huko Nyalenda hesabu hiyo hufanywa kila jioni, kwa sarafu, kabla mchezo haujaanza.